Kilima Mwishoni mwa Mchoro

Ukumbi wa kuchukulia namba za mbio ulifurika mpaka mlangoni. Watu walipenya kwa viwiko, harufu ya dawa ya kuchulia misuli ilichanganyika na ya viatu vipya, na kipaza sauti kilirudia tangazo lile lile bila kusikilizwa na mtu. Katikati ya msongamano huo alipita dada mmoja mrefu, mwembamba, mwenye fulana ya njano iliyofifia, nywele kazifunga kwa utepe mwekundu. Mkononi alishika mkanda wa kupimia moyo kama mtu aliyekamata nyoka mfu. Aliufikisha kwenye meza ya mafundi akautupa juu yake.

"Huu mkanda ni mzima, au mmetuuzia pambo?"

Fundi aliinua macho. Alikuwa mwanamume mtulivu, shati lake la bluu limepigwa pasi vizuri, ila kifungo kimoja kilikuwa cha rangi nyingine.

"Salamu kwanza, dada."

"Salamu baadaye. Nimekimbia asubuhi nzima na saa inasema moyo wangu hauna mapigo. Mimi ni maiti?"

"Maiti hawana ukali huu." Aliuchukua mkanda akapitisha kidole upande wa ndani. "Uliuvaa mkavu?"

"Ulitaka niuchovye kwenye mchuzi?"

"Maji yanatosha. Hata mate. Hivi vipande viwili vya mpira ndivyo vinavyosikiliza umeme wa moyo. Ngozi ikiwa kavu, havisikii kitu, au vinasikia uongo. Ukiongeza fulana ya nailoni na upepo, vitakuambia moyo unapiga mia mbili na wewe umekaa unakunywa chai."

"Kwa hiyo mkanda mkavu hudanganya."

"Kama mtu mwenye njaa. Atasema lolote."

Dada alitaka kucheka, akajizuia. Fundi aliulowesha mkanda, akamwonyesha pazia la kubadilishia nguo. Aliporudi, saa ya mkononi ilikuwa hai.

"Tisini na nane," fundi alisoma. "Kwa mtu aliyesimama tu, ni nyingi. Unaogopa nini?"

"Siogopi. Nina hasira."

Lakini hasira ilikuwa imeshamtoka, na wote wawili walijua.

Katika klabu yake walimwita Twiga, kwa miguu yake mirefu na jinsi alivyotazama mbele akikimbia kana kwamba anaona kitu ambacho wengine hawajakifikia. Mchana alifanya kazi kwenye nyumba ya kufulia nguo za hoteli, upande wa pasi, akisimama ndani ya mvuke tangu asubuhi, akikunja mashuka mapana na mwenzake kama watu wachezao ngoma isiyo na muziki. Jioni alikimbia. Klabu ilikuwa ikitafuta mtu wa kutunza mikanda na saa za wakimbiaji, na Kocha alipouliza kama kuna anayemjua fundi mwaminifu, Twiga ndiye aliyejibu kabla ya wengine.

"Yupo mmoja. Ana maneno mengi, lakini mkono wake mzuri."

Ndivyo Fundi alivyoanza kufunga kibanda chake cha kutengeneza simu mapema kila jioni ya mazoezi, na kwenda kukaa kwenye chumba cha vifaa kilicho nyuma ya uwanja. Kila mkimbiaji alikuwa na mkanda wenye namba yake. Wakirudi, walipanga foleni mbele ya meza, mkanda ukiwa bado kifuani, kompyuta ikivuta kumbukumbu zote za mbio na kuzichora. Utaratibu wa Fundi ulikuwa mmoja: hakuna kuvua mpaka aseme "vua."

Baada ya muda alianza kuwatambua watu kwa michoro yao. Chiriku, rafiki mkubwa wa Twiga, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakunyamaza hata akipanda mlima, alikuwa na mchoro laini, unaopanda na kushuka kama shuka lililotandikwa vizuri. Mchoro wa Twiga ulikuwa na tabia yake. Akisimama, mapigo yalishuka haraka, yakatulia kidogo katikati, ndipo yakamalizia kushuka, kama mzee anayepumzika kwenye ngazi. Na mwisho kabisa, pale alipofika mbele ya meza, palikuwa na kilima kidogo.

Mara ya kwanza Fundi alidhani ni kasoro. Mara ya tano akamwita.

"Njoo uone. Unaona hapa? Umeshapumzika, moyo umeshatulia. Halafu unapanda tena kidogo. Huwa unafanya nini hapa?"

Twiga aliinama juu ya bega lake. Aliangalia saa iliyoandikwa chini ya mchoro, akahesabu kichwani, akaelewa.

"Hapo nakuwa kwenye foleni."

"Ya nini?"

"Ya kwako, bwana. Hebu acha maswali ya polisi."

Chiriku, aliyekuwa nyuma akifungua viatu, akasema, "Fundi, wewe unasoma mioyo ya watu lakini akili yako bado iko kwenye betri. Mwenzio anakupenda, hata kompyuta imeshachoka kukuambia."

Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyotangazwa, bila maua wala barua. Kuanzia hapo simu zililia asubuhi na jioni.

"Umeamkaje, kipenzi?"

"Nimeamka na miguu miwili. Wewe je?"

"Mimi nimeamka na wewe kichwani."

"Basi nishushe, nina pasi ya kuwasha."

Shangazi yake Twiga, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, alisikia mazungumzo hayo kupitia ukuta mwembamba wa nyumba yao, akanyamaza. Alikuwa mama wa sala, asiyependa haraka. Alimtaja Fundi kama "yule wa saa," na kila jioni, akipiga magoti kando ya kitanda, alimwomba Mungu amwonyeshe kama yule wa saa ni mtu wa kudumu au ni mazoea tu.

Mbio kubwa za jiji zilikaribia. Wanawake watatu wa kwanza wangechukuliwa kwenye timu ya kulipwa, yenye kambi na mshahara, na mwaka uliofuata Twiga angekuwa amevuka umri wa kupokelewa. Hakuna aliyehitaji kumkumbusha. Alikimbia kama mtu anayefukuza gari la mwisho.

Kisha moyo ukaruka.

Ilikuwa kwenye mazoezi ya mlimani. Mchoro ulikuwa ukienda sawa, mapigo mia na sitini na kitu, ghafla mstari ukapaa mpaka mia mbili na ishirini, ukakaa huko, halafu ukaanguka kwa mara moja kama taa iliyozimwa. Fundi alisugua macho.

"Uliulowesha mkanda?"

"Niliulowesha. Labda ulikauka na upepo. Si wewe uliyenifundisha kwamba hudanganya?"

Fundi alikubali. Alibadilisha betri, akaufua mkanda kwa sabuni, akamwambia avae fulana ya pamba. Wiki iliyofuata moyo ukaruka tena. Akampa mkanda mpya kabisa. Ukaruka mara ya tatu.

Siku hiyo aliwangoja wengine wote waondoke, akafunga mlango wa chumba cha vifaa.

"Mpenzi, huu si mkanda."

Twiga alikuwa akikunja taulo. Aliikunja mara nne, akaifungua, akaikunja tena.

"Ni mkanda."

"Niangalie. Ikitokea hivyo, unasikia nini?"

Aliiweka taulo chini. "Kama samaki anaruka kifuani. Halafu macho yanaingia giza kidogo. Halafu basi, inapita."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Inapita, nimekuambia."

"Iko siku haitapita. Twende kwa Kocha tumwambie, akupeleke kwa daktari wa moyo."

"Baada ya mbio."

"Kabla ya mbio."

"Wewe unajua daktari atasema nini? Atasema pumzika. Atanipa tarehe ya mwezi ujao, vipimo mwezi unaofuata, na mimi nitarudi kwenye mvuke kukunja mashuka ya watu mpaka nizeeke. Unajua nimengoja nini maisha yangu yote? Jumapili moja. Hii."

"Na ukianguka barabarani?"

"Basi nianguke nikikimbia."

"Usiseme hivyo. Maneno yanasikika mbinguni."

"Mungu ananijua. Wewe ndiye usiyenijua."

Fundi alifumba macho. Aliomba kimoyomoyo apewe neno la hekima, na alipofumbua hakuwa na neno lolote ila hofu. Akasema kwa sauti iliyokauka: "Alhamisi ni mazoezi ya mwisho marefu. Mchoro ukija safi, nitaamini ulikuwa mkanda na nitanyamaza. Ukiruka, namwambia Kocha mbele yako. Unichukie ukitaka."

"Unanitisha?"

"Nakupenda."

"Leo vinafanana," alisema Twiga, akatoka.

Alhamisi Chiriku alikuwa akifunga kamba za viatu kwenye chumba cha kubadilishia nguo pale Twiga alipomsogelea. Twiga hakuwa mwongo kwa desturi, na maneno yalimtoka kwa shida.

"Shoga, mkanda wangu unanichubua hapa chini ya titi. Nipe wako leo, uvae wangu."

"Wangu una jasho la miaka."

"Nitavumilia."

"Haya, lakini ukinirudishia na harufu yako ya sabuni ya hoteli nitakushtaki." Chiriku alivua, akaendelea kuzungumza habari za bibi jirani na kuku wake, wala hakufikiri tena juu ya jambo lile. Walipomaliza mbio walisimama kwenye foleni, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja akiwa na fulana na koti juu ya mkanda wa mwenzake. Kompyuta iliwajua watu kwa namba za mikanda tu, na ilivuta kwa pamoja kumbukumbu za mikanda yote iliyo karibu.

Fundi hakuwa na uso wa kumtazama Twiga usoni. Aliangalia kioo cha kompyuta. Kwenye jina lake ukatokea mchoro safi, laini kama shuka, bila mruko hata mmoja. Alishukuru Mungu kwa pumzi ndefu. Kisha jicho lake likaenda mwisho wa mchoro, kwa mazoea, likitafuta kile kilima.

Hakikuwepo.

Mstari ulishuka taratibu, ukanyooka, ukaisha. Fundi aliangalia mara mbili. Alikuwa amejipima na kile kilima kwa miezi, kama mtoto anayejipima urefu kwenye mlango, na leo hapakuwa na kitu. Moyo wake umepona, alijiambia, na mimi nimetoka humo pamoja na ugonjwa.

"Vua," alisema bila kuinua kichwa. "Uko safi."

"Kwa hiyo hutasema kitu?"

"Sina la kusema."

Twiga alingoja aongeze neno. Alikuwa tayari, kwa neno moja tu la upole, kumwaga kila kitu pale mezani. Fundi hakuongeza. Chiriku aliyefuata alipovua mkanda, Fundi alihifadhi mchoro wake bila kuufungua, akazima mashine, akaondoka akiwa ameacha taa inawaka.

Jioni simu ikalia.

"Umefika nyumbani?" aliuliza Twiga.

"Nimefika."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekuwa mashine ya kujibu simu?"

"Nimechoka, Twiga. Nakutakia mbio njema."

Hakusema mpenzi, wala kipenzi. Twiga aliishika simu iliyokatika, akaamini kwamba Fundi amegundua uongo wake na anamdharau. Fundi, upande wake, aliamini ameachwa. Usiku ule wote wawili walipiga magoti, kila mmoja chumbani kwake, na wote wawili walimwomba Mungu awape nguvu za kuvumilia jambo ambalo halikuwa limetokea.

Jumapili asubuhi barabara zilifungwa, na jiji likajaa miguu. Fundi alikuwa kwenye meza ya vifaa karibu na mstari wa kuanzia. Alimwona Twiga kwa mbali, utepe mwekundu ukielea juu ya vichwa vya wengine, akageuza uso. Bunduki ikalia, mto wa watu ukamwagika, na uwanja ukabaki na chupa tupu na makoti yaliyotupwa.

Hapo ndipo alipotokea Chiriku. Alivaa gauni la maua na kandambili, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Wewe mbona hujakimbia?"

"Kocha amenipigia alfajiri. Amesema amepitia michoro ya Alhamisi, moyo wangu umeruka, hawezi kubeba dhambi hiyo, nisikanyage barabara mpaka nipimwe." Alikaa chini kama mzigo. "Fundi, moyo wangu mimi? Nimekaa tangu hapo nimeshika kifua. Hebu nionyeshe. Nataka kuona kinachoniua."

Fundi alifungua kompyuta, akatafuta namba yake. Mchoro ukajitandaza. Palikuwa na mruko mkubwa katikati, kisha mwingine. Baada ya mbio mapigo yalishuka haraka, yakapumzika kwenye ngazi, yakamalizia kushuka. Na mwisho, mbele ya meza, kilikuwepo kilima. Hakikuwa kidogo tena. Kilikuwa kirefu kuliko vyote alivyowahi kuviona, cha mtu aliyesimama akingoja aambiwe neno moja la upole.

"Chiriku," alisema polepole, "Alhamisi mlibadilishana mikanda?"

"Ndiyo, alisema wake unamchu…" Kwa mara ya kwanza tangu wamjue, Chiriku alinyamaza katikati ya neno.

Fundi alimpigia Kocha. Kocha alikuwa ndani ya gari la mbele la waamuzi, simu ikalia mpaka ikakatika. Simu ya Twiga, kama siku zote za mbio, ilikuwa imezimwa.

"Mkimbilie daktari wa mbio," alimwambia Chiriku. "Mwambie alete gari kwenye mteremko wa maghala. Mweleze kila kitu, usiruke hata neno."

"Kusema ni kazi yangu," alijibu Chiriku, akazivua kandambili na kukimbia peku.

Njia ya mbio ilizunguka mjini na kurudi chini ya maghala. Fundi alikata vichochoro. Aliruka mfereji, akapita katikati ya ua ambamo mama mmoja alianika nguo, akaomba radhi bila kusimama. Viatu vyake vya ngozi viliteleza kwenye mawe. Alikuwa akiomba kwa sauti sasa, bila kujali nani anasikia: "Bwana, nifikishe. Niadhibu mimi kwa kununa kwangu, lakini nifikishe."

Alifika kwenye meza ya maji pale kundi la kwanza la wanawake lilipokuwa likishuka. Walikuwa wanne, wametawanyika. Twiga alikuwa wa tatu, uso wake umetulia, jasho limechora njia shingoni. Wa nne alikuwa mbali nyuma yake. Ile Jumapili yake ilikuwa mkononi.

Fundi akaingia barabarani, akakimbia ubavuni mwake.

"Toka njiani," alisema Twiga bila kugeuka.

"Nisikilize."

"Umekuja kunitoa?"

"Siwezi kukutoa. Sina nguvu hizo. Nimekuja kukuambia kitu kimoja, halafu utaamua mwenyewe." Pumzi ilimkata, Twiga alikwenda kasi hata kwenye mteremko. "Chiriku yuko nje. Kocha amemzuia."

Hatua za Twiga zilipoteza mpangilio, zikarudi. "Amemzuia kwa nini?"

"Kwa moyo wako."

Walisikika wakipiga lami, yeye kwa viatu vyepesi, mwenzake kwa viatu vizito vya kibandani. Mbele, wale wawili wa kwanza walianza kuachana nao. Twiga aliuona mgongo wa wa pili, fulana yake ya kijani, umbali ambao angeufuta ndani ya dakika chache. Alimwona na Chiriku, kichwani mwake, amekaa mahali fulani akishika kifua kizima.

"Anajua?" aliuliza.

"Sasa anajua."

Twiga alikimbia mpaka kwenye nguzo ya taa, kisha akapunguza, akatembea, akasimama. Hakuna aliyemshika. Wa nne akampita, akamwangalia kwa mshangao, akaenda zake na nafasi ya tatu. Twiga alikaa kwenye ukingo wa barabara, na alipokuwa akikaa, samaki akaruka kifuani. Safari hii hakupita. Midomo ikawa ya kijivu. Fundi hakutazama saa. Alimlaza, akamshika kifundo cha mkono, akahisi chini ya kidole mtetemo usiohesabika, na akaendelea kumwita kwa jina la upendo alilomnyima tangu Alhamisi, mpaka gari la daktari liliposhuka likipiga honi, Chiriku akining'inia mlangoni akimwelekeza dereva ambaye hakuhitaji kuelekezwa.

Hospitalini daktari wa moyo, mama mfupi mwenye miwani ya kamba, alieleza taratibu. Moyo wa Twiga ulizaliwa na njia moja ya umeme ya ziada. Umeme ukipotelea humo, huzunguka kama mtu aliyekosea mtaa, na moyo hukimbia bila sababu. Wangeweza kupitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa pajani mpaka moyoni na kuichoma ile njia. "Wengi hupona kabisa na kurudi kukimbia. Lakini ni moyo, siwezi kukuahidi kama fundi bomba."

Chiriku alikuja na begi la nguo.

"Sijakusamehe," alisema akipanga vitu kwenye kabati la kando ya kitanda. "Hii ni kanga yako, hii sabuni. Nilikuwa na mbio zangu na mimi, wewe. Nilikuwa na Jumapili yangu. Mafuta nimeweka hapa. Nitakusamehe nikiwa tayari, usiniharakishe."

"Sitakuharakisha," Twiga alisema, na machozi yakamshuka.

Fundi alikataliwa kuingia. Twiga alimwambia muuguzi hataki kuonwa naye. Fundi alikaa kwenye benchi la ukumbini, upande mmoja. Shangazi alikaa upande wa pili, na kati yao palikuwa na nafasi ya kuketi watu wawili. Siku ya matibabu, kabla ya kuchukuliwa, simu ya Fundi ikalia.

"Uko wapi?" ilikuwa sauti ya Twiga.

"Hapa nje ya mlango wako."

"Usiingie. Nikikuona sitaweza kusema. Nisikilize tu." Alivuta pumzi. "Nilikudanganya. Nilimtumia rafiki yangu kama ngao. Nilitaka ile timu kiasi cha kutojali nani ataumia. Hilo nimeshamwambia Mungu, lakini nimeona haitoshi mpaka nikuambie na wewe."

"Na mimi nina langu," alisema Fundi. "Alhamisi sikuona kile kilima. Nikajua hunipendi tena. Nikanuna. Ningefungua mchoro uliofuata tu, ningekuona humo, ningekuzuia tangu siku ile. Kununa kwangu nusura kukuue."

"Ngoja. Yaani ulikaa na moyo wa Chiriku, ukauliza kwa nini haukupendi?"

"Ndiyo."

Kicheko kilisikika mara mbili, ndani ya simu na nyuma ya mlango. Kiliishia kwenye kwikwi.

"Ninaogopa," alisema Twiga. "Nikisema hapana kwa huo waya, nitameza dawa na kukaa. Nikisema ndiyo, sijui. Ungekuwa wewe?"

"Ningetaka nikuamulie, ili nisiogope peke yangu. Lakini ni moyo wako. Lolote utakalosema, mimi niko kwenye benchi hili."

"Nimeshasema ndiyo. Nilitaka tu kusikia kama utaniachia."

Mlango ulifunguliwa na muuguzi, akisukuma kitanda cha magurudumu. Twiga alikuwa amefunikwa shuka jeupe mpaka kidevuni. Fundi alisimama, akajibana ukutani, kisha akafuata nyuma. Kwenye mlango wa chumba cha matibabu muuguzi alimsimamisha kwa mkono.

"Wewe ni nani wake? Hapa tunaruhusu ndugu tu."

Fundi alifungua mdomo. Alifikiria majina yote aliyo nayo, fundi, rafiki, mtu wa mikanda, na hakuna lililofaa.

"Ni mchumba wangu," sauti ilisema kutoka kitandani.

Fundi aliinama. "Tangu lini?"

"Tangu sasa. Una pingamizi?"

"Sina. Hata moja."

"Basi niache niende, dada wa watu ana kazi."

Milango ilijifunga. Shangazi, aliyekuwa ametembea nyuma yao polepole, alikuwa amesikia kila kitu. Alirudi kwenye benchi, akakaa katikati, akainamisha kichwa, na midomo yake ikaanza kutembea. Fundi alikaa kando yake akafanya vivyo hivyo. Hakuwa na maneno mazuri; alirudia tu jina la Twiga, lile la nyumbani ambalo klabuni hawalijui, akilikabidhi juu, tena na tena, kama mtu anayepandisha ndoo kutoka kisimani. Watu walipita na chakula, na masanduku, na watoto wachanga. Wao wawili hawakuinua macho.

Daktari alipotoka, miwani ilikuwa imening'inia kifuani na nywele zimemlowa pembeni.

"Ile njia ya ziada imezibwa," alisema. "Moyo wake unapiga vizuri, tumeujaribu kila namna, umeme haukupotea tena. Ameamka. Anamwita mtu wake."

Machozi yalimshuka Fundi mbele za watu na hakuyafuta. Shangazi alimaliza sala yake bila kuikatisha, akasema amina, ndipo akamgeukia na kumsukuma bega kwa kiganja.

"Inuka basi, mkwe," alisema. "Mkeo hapendi kungojeshwa."